Nusu Mbili za Kinywa

Brno, mwisho wa Machi. Theluji imegeuka tope mlangoni
na Bwana Vrzal anakung'uta viatu mara tatu
kabla ya kukaa kwenye kiti changu
kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Miaka thelathini na minane aliendesha tramu.
Majira haya ya baridi ameniazima kinywa chake:
kushoto asafishe kwa mswaki wa umeme,
kulia kwa mswaki wa mkono, ule wa duka la pembeni,
bei yake mkate mmoja.

Siku ya kwanza nilimpaka rangi.
Utando ulijianika mwekundu
kwenye shina la kila jino, kushoto na kulia sawia,
na ufizi uliguswa tu, ukatoa damu.
"Lakini mimi nasugua," alisema. "Nasugua hasa."
Nilimwamini. Nywele za mswaki wake wa zamani
zilikuwa zimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.
Alisugua kwa mkono uleule
uliozoea kukaza breki mteremkoni.

Wiki ya nne kushoto kulipata nafuu,
ufizi wa waridi, umelishika jino
kama kola iliyopigwa pasi.
Kulia kulibaki kulia.
Nikaandika daftarini: mashine inaongoza.

Leo ni wiki ya nane. Nampaka tena.
Natazama. Nafuta kioo, natazama tena.

Pande zote mbili.

"Umepitisha mashine huku," namwambia.
Anaudhika. Mtu wa ratiba hadanganyi.
"Ile mashine," anasema, "ukiikandamiza inawasha taa nyekundu.
Na mimi, binti, taa nyekundu
sijaipita tangu nizaliwe.
Basi nikalegeza. Mkono ukashika somo.
Ukivuka upande wa pili taa haipo,
ila mkono unaiona."

Profesa Hajná hatafurahi. Jaribio limeharibika:
mwalimu na mwanafunzi wamelazwa kinywa kimoja
wakaambukizana adabu.
Mashine haichoki, haiibi dakika ya pili,
hilo nakiri, na kwa kidole kinachotetemeka ningeinunua kesho.
Lakini safu ya mshindi naiacha wazi,
wino umekauka kwenye ncha.

Usiku, nyumbani, nauchukua mswaki wangu wa mkono
kwa vidole vitatu, kama kalamu.
Chini ya dirisha tramu inaikaribia kona,
inapunguza mwendo
kabla hakuna aliyeiambia.