Kitufe Kilichofutika Herufi

Jumamosi, Łódź, theluji imeoza njiani,
mama yangu Bogumiła na mimi tumesimama
mbele ya meza ya Gniewko, muuza redio za mitumba.
Juu ya meza visanduku viwili vyeusi,
kama wachumba waliokuja kuposa saa ile ile.

Wa kwanza ni risiva: chaneli saba, na njia ya sabufa,
mgongo matundu matupu, ungedhani mzinga wa nyuki.
Inaongea na runinga, inaongea na simu,
inapiga mbinja chumbani, kisha inajua
kochi liko wapi, pazia liko wapi.
"Helikopta itakuzunguka kichwani," nikamwambia mama,
"mvua ya sinema itanyesha nyuma ya kiti chako."
Mama akatazama dirishani.
"Mvua ipo nje. Bure."

Wa pili ni amplifaya. Chaneli mbili.
Kitasa kimoja kikubwa cha sauti, vitufe vitano, taa moja.
Haina rimoti. Haijui kochi ni nini.
"Inua," Gniewko akasema.
Risiva niliinua bila kushusha pumzi.
Amplifaya ilinikumbusha umri wangu.
"Kilo kumi na tisa, shaba na chuma.
Huyu kaajiriwa kazi moja.
Yule ana kazi kumi kwa mshahara ule ule."

Mimi nilikuwa nimeshachagua, nisiseme uongo.
Zawadi ilikuwa na jina la mama
na hamu yangu: fainali, rafiki zangu sebuleni,
kelele za uwanja zikitoka pembe zote,
yeye jikoni akichemsha pierogi.
Mwana humnunulia mzazi anachokitaka mwana.
Hii si methali. Nimeitunga sasa hivi, kwa aibu.

Gniewko akaweka santuri, fidla tatu na piano.
Risiva ikaimba, chumba kikajaa.
Mama akageuza kichwa. Akageuza bega.
Akageuza kiti kizima, kikakwaruza sakafu,
sikio la kulia likitafuta, likirudi, likitafuta tena.
"Nusu yao wametoka nje," akasema.
"Wameenda kuvuta sigara?"

Ndipo nikakumbuka, mimi,
niliyezoea tangu utoto kutembea kuliani kwake
bila kuuliza kwa nini:
miaka ishirini na sita kiwandani,
mitambo ya kufuma ikitwanga upande wa kushoto,
zamu ya usiku, zamu ya mchana,
hadi sikio lile likafunga duka.

Gniewko hakusema neno.
Akahamisha waya, akashusha kidole
kwenye kitufe kidogo cha amplifaya,
herufi zake zimelika, imebaki "mo" na kivuli.
Kushoto na kulia vikaingia kwa mlango mmoja.

Mama akaacha kugeuka.
Vidole vyake vikafunga kitu hewani,
fundo lile la uzi uliokatika,
haraka, bila kutazama.
"Wamerudi," akasema.

Risiva nayo inaweza, sitaisingizia.
Iko menyu ndani ya menyu, ukurasa wa tatu,
kwa herufi za sisimizi. Gniewko alinionyesha,
mtu wa haki yule. Lakini mama
alikuwa ameshaweka kiganja juu ya bati lenye joto,
kama anayepima homa ya mtoto.

Lifti yetu ni mbovu. Ghorofa ya nne.
Yeye mbele na mfuko wa waya,
mimi nyuma na kilo zangu kumi na tisa,
nikipumzika kila kona, nikijifanya nafunga kiatu.

Fainali tuliitazama hapo hapo, spika mbili,
kitufe kimezama ndani, uwanja mzima
umejibana katikati ya ukuta.
Rafiki zangu walinung'unika kidogo.
Goli lilipoingia
mama, kutoka jikoni, alipiga kelele kabla yetu.