Duru ya Pili

Fomu inaanza kwa kutaka jina la kwanza.
Mimi ni Ithungu; kwetu jina hilo
hupewa binti wa tano.
Nimelijaza pale pale pa kwanza,
nikacheka peke yangu stoo,
kati ya mizani na magunia ya buni.

Bwera, mwezi wa nane. Umeme ulituaga adhuhuri.
Kompyuta imebakiza asilimia thelathini na moja,
na chuo cha biashara, ng'ambo huko, kinauliza
kwa maneno mia tano, yasizidi:
kwa nini shahada hii, kwa nini kwetu, kwa nini sasa?

Rasimu ya kwanza nilivaa koti la kuazima:
tangu utotoni nimeota kuwa kiongozi.
Uongo. Tangu utotoni nimeota kulala
hadi jua litoke, na mama hakukubali.
Ya pili ikajaa tarakimu. Bwambale akaisoma
amesimama, akanirudishia:
"Tani arobaini na mbili nimeziona. Wewe sijakuona."

Meneja Thembo nilimwomba barua ya kunidhamini.
Siku tisa. Kisha mistari miwili, wino wa bluu:
Ithungu haibi.
Akikosea hesabu husema kabla ya kuulizwa.
"Wanataka ukurasa mzima," nikamwambia.
"Huo ni ukurasa mzima."

Najua wanavyosema. Duru ya kwanza, Septemba,
viti bado vingi, fedha za ufadhili hazijaguswa;
ya pili ni foleni; ya tatu unakomba sufuria.
Lakini Septemba buni nazo huiva,
kina mama wanateremka kutoka Kyondo na beseni,
na kila mmoja wao anajua
tawi moja hubeba tunda jekundu na bichi,
na ukilikwanyua lote unapata uzito, unakosa bei.
Nikafunga kompyuta. Msiite hekima;
nusu yake ilikuwa woga.

Oktoba, Mbambu wa Kisinga akagoma kusaini.
"Mzigo huu nimeupima nyumbani."
Nikaleta jiwe la kilo kumi, nikaliweka kwenye mizani.
Tisa na nusu.
Nikaliinua, nikaliweka tena, taratibu, kama mtu
anayebisha hodi nyumba ya msiba.
Tisa na nusu. Msimu huu, na uliopita,
na madaftari yote yana saini yangu.

Sikulala siku nne. Nikayafungua mbele yao,
jina kwa jina, nusu kilo kwa nusu kilo;
hadi Desemba ushirika ulikuwa umelipa,
na mshahara wangu wa miezi miwili umo humo.
Wengine walinishukuru. Mbambu hakunishukuru.
Alihesabu noti zake mara mbili, akasaini.

Basi Januari nikaandika upya, usiku mmoja.
Sikuandika ndoto. Niliandika: sijui bado
namna ya kujenga nyumba ambamo kosa kama langu
haliwezi kukaa misimu miwili bila kuonekana.
Ndiyo maana sasa.
Maneno yakawa mia tano na matatu;
nikafuta "kwa unyenyekevu mkubwa".
Thembo akaongeza mstari wa tatu. Hakunionyesha.

Saa sita yao ya usiku ni saa tisa kwetu;
nilikuwa nimeiandika ukutani kwa chaki
nisije nikapotelea kati ya saa mbili.
Nikatuma mapema, kabla wali haujaiva,
mtandao ukizunguka, ukizunguka,
hadi ukasema: imepokelewa.

Asubuhi, kabla ya kufungua mlango,
nikaweka jiwe kwenye mizani.
Kumi.