Kioo Hakifutwi Kikavu

Faki, mwana wa kaka yangu, ameniita chumbani kwake
viatu vya kazi sijavivua.
"Shangazi, njoo. Wewe ndiye ujuaye vioo."

Kwenye skrini, ndege ya kivita.
Mabawa, ribiti za mabawa, mishale ya saa,
na juu ya kichwa cha rubani kuba la kioo
limeinama kama ganda la yai.
Anasema limetoka toleo jipya,
sasa kioo kina mikwaruzo, kina mafuta,
kina uso wa rubani unaokutazama kwa ndani.
Yeye na Mbarouk wa Machomane hawasemezani tangu juzi:
mmoja adai uchafu umezidi,
mmoja adai haujatosha.
"Tuamue wewe."

Mimi?
Miaka kumi na mmoja, uwanja wa ndege wa Chake,
ndege ndogo zikitua kutoka Unguja
mimi ndiye wa ndoo na kitambaa.
Hakuna aliyewahi kuniuliza neno juu ya kioo
ila kama nimemaliza.

Nikavuta kigoda.
Nikatazama kama nitazamavyo kazini, kwa ubavu,
shavu karibu, jicho likifuata nuru.

Kwanza, nikamwambia, kile si kioo.
Ni plastiki ngumu, ndugu yake beseni,
nayo ina kinyongo, haisahau mkono.
Ifute kavu mara moja tu,
chembe moja ya mchanga itaandika,
na maandishi yatabaki.
Ndiyo maana naanza na maji, maji mengi,
kisha kiganja kitupu, pete nimeivua,
kinapapasa kama kipapasavyo
mawe kwenye mchele.
Kitambaa huja mwisho, nacho huenda sawa,
juu, chini, juu, chini,
hakizunguki.

Haya, elekeza ndege yako kwenye jua.

Akageuza. Kuba likawaka
na mikwaruzo yote ikaamka,
duara ndani ya duara, nyembamba kama uzi wa buibui.
"Unaona! Kama kweli!"
Hapo wamepatia, nikasema.
Mikwaruzo hulala kila upande, ovyo,
lakini jua huita ile tu inayolizunguka.
Aliyechora hilo amewahi kukaa na kioo asubuhi,
peke yake.

Lakini shuka huku, pembeni, chini, kushoto,
mkono wa mfutaji usikofika ila kwa kujinyonga:
mbona pasafi sawasawa na katikati?
Hapo hubaki ukungu wa sabuni,
bawa la mbu, chumvi.
Na hapa ukingoni, rubani anaposhika akipanda,
viko wapi vidole vinne?
Wamechora uchafu, Faki,
wakamsahau mwenye kufuta.

Hakunisikia. Adui alikuwa nyuma yake.
Tundu likatokea kwenye kuba, likapasuka mizizi,
Faki akafa, akacheka,
akabonyeza, akafufuka:
kioo kizima,
mikwaruzo ile ile, mahali pale pale.
Nikawaza, kati ya kufa na kufa
nani anapanda ngazi na ndoo?
Nikaona haya kuuliza.

Umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja.
Kwenye skrini nyeusi, kwa mwanga wa dirishani,
tukatokea wawili,
yeye na mimi na vumbi la wiki nzima,
alama ya dole gumba lake, yenye mafuta ya sambusa,
na mkwaruzo mmoja mrefu, wa zamani,
uliokatiza shavu langu.

"Huu sasa," nikasema, "ndio uhalisia."

Akatazama. Akatazama tena, kwa ubavu,
shavu karibu.
Kisha akashika pindo la fulana yake,
akaliinua, akapeleka mkono

na mimi nikaudaka hewani.

Nenda kalete maji.