Kiputo

Jumamosi, Ballarat. Upepo wa kusini
na harufu ya majani yaliyokatwa.
Desmond kalivuta jiko la gesi
mbali na ukuta wa mbao,
hatua nne, kisha ya tano
kwa ajili ya kamba ya nguo za Noeline.

Mtungi kausimamisha wima juu ya zege.
Nati yake hukazwa kinyumenyume;
mkono uliokaza skrubu miaka arobaini
ulikataa kuamini.

Kiberiti bado kimo mfukoni.
Kwanza sabuni ya vyombo, maji kidogo,
na brashi iliyobaki
walipopaka rangi chumba cha mtoto
ambaye sasa haji ila Krismasi.

Akafungua valvu. Akapaka. Akachuchumaa.

Pale kwenye kiungo
kiputo kikavimba, kidogo kama punje ya dengu,
kikapasuka,
kikavimba kingine.

"Vipi?" Noeline, dirishani, na sahani ya soseji mbichi.

"Panapumua."
Akafunga, akakaza robo mzunguko,
akafungua, akapaka tena.

Noeline akatoka, akachuchumaa kando yake.
Wakapatazama mahali ambapo hakuna kilichotokea,
muda mrefu,
kama watu waotao moto.