Skrubu ya Wifi

Saa nne usiku, Nkuhungu, Julai.
Upepo unapenya chini ya mlango na vumbi lake
kama mgeni asiyevua viatu.
Nimegeuza mfarishi. Juu, maua yangu
yamejipinda nilivyotaka.
Chini ni aibu.
Vitanzi, nyuzi zimelala ovyo
kama tambi alizozikataa mtoto,
na kila penye kona, kope,
kope ndefu za uzi mweupe
zinanikonyeza.

Nikasema: ni Mwaja huyo.

Cherehani ni moja, sisi wawili.
Mchana ni yake: sare za shule, kaki, marinda ya bluu,
mshono ulionyooka usio na maswali.
Usiku ni yangu. Nashusha meno ya cherehani,
navua mguu wake, navisha ule wa duara,
na nguo naiendesha mwenyewe kwa viganja,
nimevaa glavu za kuchumia zabibu
nilizotoka nazo Hombolo,
ili isiteleze.
Yeye hutaka uzi ukaze.
Mimi nautaka ulegee, lakini si wa kulewa.
Asubuhi anazungusha, jioni nazungusha,
wiki ya pili hii hatuna maongezi
ila ya skrubu.

Nilimpigia Fundi Chedego wa Majengo.
Kuja ni elfu tano, akasema, kusikiliza ni bure.
Kisha, huku anatafuna kitu:
“Uzi wa juu ukining’inia chini, kosa liko juu.
Wa chini ukichungulia juu, umebana mno hukohuko juu,
au chini kumelegea.
Unayemwona siye mkosaji.”
Akakata simu.

Basi nikaanza upya.
Nikainua mguu, maana ukiwa chini
visahani vimefumba midomo
na uzi unapita nje kama asiyealikwa.
Nikapitisha kipande cha kitambaa katikati yake:
kikatoka na donge la nyuzinyuzi za bluu,
bluu ya sare, limekandwa kwa vumbi letu jekundu.
Nikaliweka mezani. Ushahidi.
Nikabadili sindano.
Nikakining’iniza kijumba cha bobini kwa uzi wake,
nikakitikisa: kikashuka kidogo, kikasita,
kama buibui aliyekumbuka jambo.
Chini hakuna tatizo.

Nikashusha mguu (huu wa duara hauigusi nguo vizuri,
ni rahisi kusahau kuushusha,
nami nimewahi kusahau, simwambii mtu),
nikajaribu kwenye kitambaa kibovu.
Mstari ulionyooka: safi.
Mstari mwingine: safi, pande zote mbili.
Nikafika kwenye kona ya ua.
Kope.

Nikakaa. Nje mbwa wa jirani akabweka mara moja, akaacha.
Nikashona tena kona ileile, nikijitazama.
Mkono wangu, ukiona kona, unakimbia.
Mguu wangu kwenye pedali unabaki palepale, unasinzia,
na uzi unavutwa kati ya wawili wasiopatana.
Huo mguu hakuna aliyeugusa.
Donge la bluu lilikuwa mezani.
Nikalifuta kwa kiganja.

Kabla ya kulala nilitia nukta
ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye gurudumu la uzi:
hapa ndipo pangu.
Sikuandika kitu. Ningeandika nini?

Kesho yake jioni nilikuta nukta ya pili,
ya chaki ya bluu, nusu tarakimu kutoka yangu.
Nusu tu!
Wiki mbili za kununiana,
kwa upana wa punje ya mtama.

Chini ya sindano aliniachia kipande cha kaki,
mshono wake umekwenda wima,
na pembeni, kwa mkono usiozoea,
amejaribu ua.
Lina kope kuliko yangu yote.
Juu yake karatasi:
Mafuta ya cherehani yameisha.
Zamu yako kununua.