Hesabu ya Popo, Kidike

Baba yangu hakurusha ndege wala hakutupa bomu.
Alikaanga mayai.

Shaame Mcha, mchochea makaa wa meli ya mzigo.
Meli ikapigwa, wakaokotwa, wakashushwa Uingereza,
na baridi ikamkamata kama mdai.
Akapata kibarua kwenye kiwanja cha ndege
kaskazini huko, kambi ya Wakanada,
vijana wa mashavu mekundu, wenye kucheka kwa nguvu,
wakila kama watu waliotoka kuchuma karafuu.

Kila ndege, watu saba.
Saba, husema baba akikunja vidole,
kama wale wa pangoni,
ila hawa hawakupewa usingizi.

Jua likizama, wanaondoka.
Sahani zinatetemeka kabatini,
maji yanajichora duara ndani ya ndoo,
kisha kimya,
baba na makarai yake, na saa ya ukutani.
Atakayerudi alfajiri atapata yai.
Yai la gamba, la kuku,
wakati nchi nzima inakoroga unga wa kopo.
Nyama ya nguruwe aliisukuma kwa kijiti,
akanawa mara saba, moja kwa udongo,
na udongo wenyewe ulikuwa umeganda kwa theluji.

Hakujua kusoma daftari la ofisini.
Habari aliisoma kwenye sinia:
yamebaki mayai kumi na manne,
ndege mbili.

Mmoja wao akiitwa Tibodo, mpiga redio,
mtoto wa wakulima wa viazi.
Alimfundisha baba kuhesabu Kifaransa
mpaka saba. Nane haikuwa na kazi.
Usiku mmoja alirudi, yai likampolea mbele yake.
"Shemu," akasema (jina lilimshinda),
"mji ukiwaka, ukiutazama kutoka juu,
ni kama makaa mtu aliyoyapuliza.
Unapendeza. Ndiyo shida yake,
unapendeza."
Baba hakuwa na neno.
Akamuongezea yai la pili.

"Mpaka leo," ananambia, "nnajiuliza
lile yai lilikuwa la nini.
Na wale waliokuwa chini,
ndani ya makaa,
nani aliwakaangia?"

Baada ya siku tatu
sinia likabaki na saba.

Hapa Kidike popo hutoka kabla ya adhana ya magharibi,
mmoja, kisha watatu, kisha mbingu nzima,
mabawa kama miavuli iliyochakaa,
wakipita juu ya majamvi yetu ya karafuu
kwenda kula matunda ya watu.
Baba hukalia kinu kilichopinduliwa, anahesabu.
Watoto wa skuli wamemwita Mzee Popo, naye huitika.
Kukipambazuka yuko palepale, koti limelowa umande,
anawahesabu wanaorudi.
Mayai hagusi. Yote tunayaacha yaanguliwe,
na majirani wanatuomba vifaranga.

Mwaka huu mtoto wa jicho kamzibia mbingu.
"Mize," akasema, "nihesabie."

Nilihesabu waliotoka: mia mbili na kumi na moja.
Nilikuwa nimechambua karafuu tangu asubuhi,
vidole vinawaka, mgongo si wangu.
Nikaegemea kinu. Nikasema nafumba jicho moja tu.

"Wangapi wamerudi?"

Jua lilikuwa limeshapanda, miti imejaa,
wananing'inia, wanagombana, wanajipepea.
Ningeweza kusema wote. Ulimi ulikuwa tayari.

"Nilisinzia, baba."

Akanyamaza. Kuku akapita baina yetu na vifaranga vyake.
Baba akageuza uso kwenye miti, asikoona kitu,
akasikiliza kwa muda mrefu
kama mtu anayesubiri maji yatikisike ndooni.

"Injika chai," akasema.
"Wengine huchelewa tu."