Feni ya Nne

Kwanza ililia.
Si kilio cha kutisha; kama cherehani ya jirani
ikishona gunia badala ya kitenge.
Nikaipiga kofi ubavuni, ikanyamaza,
nikajiona fundi.

Hapa Kirumba chumba changu kina upana wa mlango na nusu:
mashine ya fotokopi, stuli ya mteja,
na chini ya meza, juu ya matofali mawili,
kompyuta niliyoinunua kwa pesa ya upatu.
Naandika barua za posa, wasifu wa waombao kazi,
mikataba ya viwanja ambavyo muuzaji na mnunuzi
hawatazamani usoni.

Feni ya kwanza ilikufa katikati ya tangazo la msiba.
Tulikuwa tumefika "Mazishi yatafanyika"
harufu ya plastiki iliyoungua ikanifikia kabla ya giza.
Mjukuu wa marehemu akaniuliza kwa upole:
"Sasa yatafanyika lini?"

Luhende alikuja na bisibisi mfukoni mwa shati,
pale wengine huweka kalamu.
Akachomoa waya, akaketi.
"Tungoje. Umeme haufuati waya ukitoka.
Hubaki humo ndani, kwenye vile vipipa vidogo,
kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado amekaa."
Tukanywa chai. Ndipo akafungua.

Tone la mafuta ya cherehani: wiki tatu.
Feni kuukuu iliyong'olewa kwenye mashine ya shule: miezi miwili.
Feni mpya ya Kariakoo, iliyokuja kwa basi ndani ya gazeti,
yenye beringi za gololi, risiti, na majivuno:
siku kumi na tisa.

Hapo nikaanza kuhesabu watu.
Nikamshuku Luhende na chai yangu anayokunywa.
Nikamshuku muuzaji, nikaushuku umeme wa mtaa,
nikamshuku shemeji aliyesema duka hili halitaiona Sabasaba.
Nikamshuku hata Mungu, lakini kwa sauti ndogo.

Usiku wa mwezi mwandamo ndipo nilipoona.
Mlango wazi, taa inawaka, nachapa mitihani ya majaribio,
na kutoka ziwani ukainuka moshi usio na moto:
visubi, nguzo kwa nguzo, wakisukumwa na upepo,
wakatua ukutani, kwenye karatasi, kwenye kioo,
hata sikujua ipi ni nukta yangu na ipi ina mbawa.
Chini ya meza kisanduku kilikuwa kikivuta pumzi.
Kilivuta hewa ya ziwa jinsi ilivyo.

Asubuhi Luhende akafungua mbele yangu.
Halikuwa vumbi.
Ulikuwa unga wa mbawa, mweusi, laini,
wenye harufu ya anga baada ya mvua na samaki kwa mbali,
umeganda kwenye mhimili kama ukoko wa ugali.
Akaugusa kwa ncha ya kidole.
"Mama Ng'washi, hiki ni chakula cha dagaa.
Feni yako si dagaa."

Feni ya nne iko ndani sasa.
Kompyuta nimeipandisha mezani, mgongo umeelekea mlimani.
Nimekata chandarua, kile cha kliniki
alicholalia kitinda mimba wangu,
kipande nimekifunga mdomoni mwa kisanduku kwa lastiki.
Jumamosi nakifua, nakianika pamoja na soksi.
Mwezi ukiandama nazima taa mapema;
mwenye haraka ya kuposa atakuja kesho.

Sisemi nimeshinda.
Ziwa lina wadudu kuliko Luhende alivyo na vipuri.

Juzi yule mjukuu alirudi, safari hii tangazo la kumaliza mwaka.
Tulipofika "yatafanyika" nikasimamisha vidole.
Naye akasimamisha pumzi.
Tukainama wote wawili, masikio kwenye bati,
kama watu wanaosikiliza tumbo la mjamzito.

Inazunguka.

Nikaandika tarehe.